Upambanukaji: Neno na Seli Yake

Mwaka 1991 watafiti wa Florence, Italia, walichukua seli za kinga ziitwazo seli T kutoka damu ya binadamu wakazikuza kwa vichocheo viwili: protini za bakteria wa kifua kikuu, na vitu vinavyotolewa na minyoo ya mbwa. Seli nyingi zilizochochewa kwa kifua kikuu zilimwaga interferoni gama. Za minyoo zikamwaga interlukini 4 na 5. Watafiti Mosmann na Coffman walikwisha kuuona mgawanyiko huo kwa panya, Marekani, mwaka 1986.

Badiliko linaloipa seli kazi yake tuliite nini? Tafsiri zinazopita mikononi mwangu husema "utofautishaji". Silipendi. Anayetofautisha ni mtu aliyeshika ungo, anatenga mchele na chuya. Seli haitengi kitu. Yenyewe ndiyo inayogeuka. "Utofautikaji" ni afadhali, lakini vitu viwili vyaweza kutofautiana na visiwe na kazi yoyote. Mimi nashika "upambanukaji": jambo likipambanuka, limejulikana ni nini.

Na ndivyo inavyokwenda. Seli T saidizi hutoka kwenye tezi ya thaimasi ikiwa imeshapevuka, kwa hiyo anayeiita "changa" anapotosha. Ila haijapata kazi. Siku inapoonyeshwa kipande cha kimelea, hupokea pia sitokini zilizopo hapo, yaani protini za ishara kama interlukini. Interlukini 12 ikitawala, protini iitwayo T-bet huamka na seli huwa Th1: interferoni gama yake huzipa makrofeji nguvu ya kuua bakteria ambao zimewameza. Interlukini 4 huamsha protini nyingine, GATA3, na seli huwa Th2, inayoita seli za eosinofili dhidi ya minyoo. Jeni haipotei. Ndani ya Th1, jeni ya interlukini 4 ipo palepale, imefungwa tu, na seli zinazozaliwa nayo hurithi kufuli hilo. Kuna Th17 pia, kuna seli T dhibiti, na kadhalika.

"Saidizi" halina ubishi, ingawa msomaji asidhani ni utingo wa lori. Nafikiria kitenzi kisaidizi: katika "alikuwa anakula", ondoa "alikuwa" uone wakati unavyopotea, japo mlo umebaki. Virusi vya UKIMWI huvamia seli T saidizi hizihizi, ambazo kliniki huzihesabu kwa jina la CD4. Zikipungua mno, hata kuvu wa kawaida mdomoni humshinda mgonjwa.

Nimeshabishiwa kwamba sitokini ndizo zinazoitofautisha seli, kwa hiyo -sh- ya "utofautishaji" ina haki yake. Sawa, sitokini zikiwa ndizo watenda. Seli ikikaa mwanzoni mwa sentensi, inapambanuka. Ndugu wahariri wa vitabu vya biolojia, hiyo -k- naomba msiifute.