Polisi, Umbali na Mgonjwa wa Akili: Historia Fupi kutoka Tlawi, Mbulu

Historia ya Tlawi yaonesha kwamba namna polisi wanavyomshughulikia mtu aliyezidiwa na maradhi ya akili hutegemea umbali kabla ya sheria. Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mbulu. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, baadaye ilisogeza tiba hiyo wilayani. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mtu huyo kuwa mgonjwa. Hata hivyo, askari asiye na gari wala wodi ya karibu hubakiwa na mahabusu pekee. Asiye na kosa huianza safari ya tiba akiwa mtuhumiwa.