Kisigino cha Dada

Daktari alitia kiganja chini ya kisigino cha kushoto cha dada yangu, akamwambia akandamize kitanda. Wapi! Akamwambia anyanyue mguu mzima, wa kulia, huku yeye akiuzuia. Mara kisigino cha kushoto, kilicholala kama gogo kwa wiki tatu, kikakibana kiganja chake. "Umeona?" alimwambia muuguzi, si dada. "Anaigiza."

Baadaye nilijua kwamba kipimo kile kilielezwa mwaka 1908 na Charles Franklin Hoover, daktari wa Marekani. Mtu akinyanyua mguu mmoja akiwa amelala, mwingine hujikita chini wenyewe bila kuagizwa. Kwa wagonjwa kama dada, nguvu ipo; inapotea pale tu wanapokusudia kuitumia. Leo huitwa tatizo la kiutendaji: neva ni nzima, ila namna ubongo unavyoziendesha ndiyo imevurugika. Lakini madaktari wengi waliiona nguvu ile wakasema: mwongo huyu.

Vita Kuu ya Kwanza vilizidisha shaka hiyo, maana mwongo sasa alikuwa mtoro. Huko Tours, Ufaransa, daktari Clovis Vincent aliwatibu askari waliopooza au kupinda migongo kwa kuwapitishia umeme mkali. Mwaka 1916 askari mmoja aliyepinda mgongo, Baptiste Deschamps, aliukataa umeme huo, na Vincent aliposhikilia, akampiga ngumi. Alifikishwa mahakama ya kijeshi, na magazeti yakabishana: je, askari ana haki ya kukataa tiba? Akahukumiwa miezi sita, kifungo kikaahirishwa. Kwa aliyempiga mkubwa wake wakati wa vita, mimi naona huo ni karibu na msamaha.

Kipimo cha Hoover hakijabadilika. Kilichobadilika ni nani anaonyeshwa. Jon Stone, daktari wa neva wa Edinburgh, ni miongoni mwa waliohimiza kwamba mgonjwa mwenyewe aonyeshwe, aone kuwa mguu unaweza. Kisha hufuata mazoezi ya kuhamisha mawazo: kutembea kinyumenyume, au kufuata mdundo wa muziki. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine hawapati.

Dada alionyeshwa miezi minane baadaye, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika mji mwingine.

"Kiguse mwenyewe kiganja changu. Umesikia ulivyokandamiza?"

Dada alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Naomba turudie."

Walirudia mara nne.