UZI: Ati maskini ni mvivu? Hebu tuwaulize Wamarekani wa 1932

1/ Mjadala wowote wa pesa za misaada ukianza hapa, hauishi dakika kumi kabla mtu aseme: "Watu wafanye kazi, waache kungoja serikali. Marekani haikujengwa na watu wa kuombaomba." Juzi nimeandikiwa hiyo tena. Leo najibu kwa historia. Na kama kawaida yetu, sitaji mwanasiasa wala chama, hata wa kule. Chukua chai, huu uzi ni mrefu kidogo.

2/ Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Wananchi wengi hawakuwa na hisa hata moja, kwa hivyo mwanzoni waliona ni shida ya matajiri. Lakini viwanda vikaanza kupunguza watu, na benki zikafunga milango. Kati ya 1930 na 1933 zilianguka kama 9,000. Wakati huo serikali kuu haikuwa na bima ya akiba. Unaamka asubuhi, benki imefungwa, na pesa ulizoweka miaka ishirini ziko ndani.

3/ Kufikia 1933, karibu mfanyakazi 1 kati ya 4 hakuwa na kazi. Hao ni watu kama milioni 13. Waliobaki kazini, wengi walikatwa mshahara au wakapewa siku mbili tatu za kazi kwa wiki.

4/ Sasa hapa ndipo paliponigusa. Mwandishi Studs Terkel alizunguka baadaye akiwahoji watu walioishi wakati ule, akatoa kitabu mwaka 1970. Njaa imo kwenye kumbukumbu zao, lakini kinachorudi tena na tena ni aibu. Mtu anafutwa pamoja na kiwanda kizima, halafu anajiuliza yeye amekosea wapi. Kulikuwa na wanaume waliovaa suti kila asubuhi, wakatoka kama wanaenda ofisini, wakashinda bustanini mpaka jioni, watoto wasijue.

5/ Mimi hiyo naijua. Mzee wangu alipunguzwa kazini miaka ya 90, pamoja na wengine wengi. Karibu miezi miwili alipiga shati pasi, akabeba begi lake, akatoka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Mama alijua. Sisi watoto hatukujua, mpaka siku dada yangu alipotolewa shule mapema akamkuta amekaa nyuma ya kanisa, anakula mkate mkavu. Dada aligeuka akapita njia nyingine. Nyumbani hakuna aliyesema kitu. Mtu aje aniambie yule mzee alikuwa mvivu.

6/ Aibu ya Wamarekani ilitoka wapi? Walilelewa wakiambiwa bidii hulipa, na aliyekwama ana kasoro ya tabia. Msaada ulikuwa wa jamaa, kanisa, mashirika ya hisani, na mwisho kabisa mji au kaunti. Kuomba kaunti kulimaanisha afisa aje kwako, ahoji majirani, afungue kabati aone kama una chakula umeficha. Na katika baadhi ya majimbo, aliyelishwa kwa pesa za umma alipoteza haki ya kupiga kura. Soma hiyo sentensi mara mbili.

7/ Na hawakukaa tu. Mwaka 1930 wauzaji wa matofaa waliwapa watu wasio na kazi matunda kwa mkopo, wakayauza senti 5 barabarani New York. Walikuwa maelfu, kila pembe ya mtaa. Akina mama walishona nguo za watoto kwa magunia ya unga, na kampuni za unga zilipoona hivyo zikaanza kuchapa maua kwenye magunia. Waliofukuzwa na landlodi walijenga vibanda vya mabati na maboksi, na mitaa hiyo wakaipa jina la rais wao. Gazeti la kujifunika usiku likaitwa blanketi lake. Mfuko mtupu ukiutoa nje ya suruali, hiyo ni bendera yake. Sisi tunadhani tulianzisha kejeli za mitandao!

8/ Vijijini, majimbo kama Iowa na Nebraska, kulikuwa na mnada wa senti. Benki inaleta shamba la mtu mnadani. Majirani wanajaa uwanjani. Ng'ombe anaitishwa senti tano, trekta senti kumi, na mgeni akijaribu kupandisha bei anatazamwa vibaya. Wakati mwingine kamba ya kitanzi imening'inizwa ghalani aione. Mnada ukiisha, kila kitu kinarudishiwa mwenyewe. Hao ndio "wasioomba serikali" tunaoambiwa. Walikuwa wanavunja mnada halali kwa vitisho, kwa sababu hawakuona njia nyingine.

9/ Lakini sadaka ilikauka. Waliokuwa wakichangia kanisa nao walifutwa kazi. Kaunti hazikupata kodi. Na hoja ya uvivu ilikufa, nionavyo mimi, kwa hesabu tu. Mhasibu, fundi, mwalimu na kibarua wakiwa kwenye foleni moja ya mkate, utasema robo ya wafanyakazi wa nchi waligeuka wavivu kwa miaka mitatu? Uchaguzi wa 1932 ulibadilisha serikali.

10/ Kuanzia 1933 serikali kuu ikaingia yenyewe. Vijana walipelekwa kambini kupanda miti kwa dola 30 kwa mwezi, dola 25 zikitumwa nyumbani. Bima ya akiba za benki ilianza Januari 1934. Mwaka 1935 ulikuja mpango wa kazi za umma, WPA, ambao kwa miaka minane uliajiri watu kama milioni 8.5. Walijenga barabara, shule, na uwanja wa ndege wa LaGuardia. Wasanii walichora kuta za majengo ya umma. Waandishi walitumwa kuhoji wazee waliowahi kuwa watumwa, na leo tunazo simulizi zaidi ya 2,000 kwa sababu ya mpango huo. Na bado kukawa na mizaha kwamba wafanyakazi wa WPA kazi yao ni kuegemea koleo. Hoja ya uvivu ilikuwa imelala tu.

11/ Wanaopinga misaada wana jambo moja la kweli, tulikubali: mipango hii haikumaliza ukosefu wa kazi. Ulipungua, lakini ulibaki mkubwa mpaka maandalizi ya vita yalipofungua viwanda mwanzoni mwa miaka ya 1940. Iliwashika watu wasizame, na hicho si kitu kidogo. Lakini je, iliwashika wote? Hapa ndipo mjadala wetu huwa haufiki.

12/ Mwaka 1933 serikali ililipa wenye mashamba wapunguze mazao ili bei ipande. Ekari kama milioni 10 za pamba zilifukiwa, na nguruwe wadogo kama milioni 6 wakachinjwa, nchi ikiwa na njaa. Kusini, anayelima mara nyingi hakuwa mwenye shamba. Alilima kwa kugawana mavuno, na deni la duka la mwenye shamba linakatwa kwanza. Hundi ya serikali ilikwenda kwa mwenye shamba, agawane na mkulima wake. Wengi hawakugawa. Na kwa kuwa shamba limepunguzwa, mkulima hahitajiki, akafukuzwa. Msaada uliokuja kumwokoa ndio uliomtoa nyumbani.

13/ Julai 1934, karibu na Tyronza, Arkansas, wakulima hao waliunda chama chao cha kutetea haki, Weusi na Wazungu pamoja, katika jimbo la ubaguzi. Walipigwa na kufukuzwa kwa ajili hiyo. Walichodai ni sehemu yao ya hundi.

14/ Sheria ya pensheni ya 1935 nayo iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa nyumbani. Wafanyakazi Weusi wengi walikuwa katika kazi hizo mbili. Mwaka huohuo Ella Baker na Marvel Cooke waliandika kuhusu wanawake Weusi waliosimama kwenye kona za Bronx wakingoja mama mwenye nyumba aje awachague, kwa senti chache kwa saa. Ukiwaona mama fua wameketi ukutani Nairobi asubuhi, picha unayo. Kundi hilo lilianza kuingizwa kwenye sheria miaka ya 1950. Na watu wa asili ya Mexico, mamia ya maelfu, walisukumwa wavuke mpaka, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa Marekani.

15/ Kwa hivyo mkileta hoja ya "watu wavivu", mimi nitauliza mawili. Pesa inapitia mkono wa nani kabla imfikie anayehitaji? Na orodha ilipoandikwa, ni kazi ya nani haikuhesabiwa kuwa kazi? Kiongozi yeyote, wa upande wowote, akikuahidi mpango, muulize hayo mawili kabla hujapiga makofi.

16/ Mzee wangu alipata kibarua baadaye, akatusomesha. Ile habari ya kanisani hajawahi kuisema, nasi hatujawahi kumuuliza. Sasa wewe, kwenu nani alitoka asubuhi na begi tupu? Niandikie hapa chini, nasoma zote.