Taa ya Kurushia Sauti na Bonde la Kilombero

Kabla ya sauti ya binadamu kuruka angani, zilitangulia cheche. Mnara wa simu ya upepo walioujenga Wajerumani Dar es Salaam ulipeleka alama tu, na Agosti 1914, vita vilipoanza, ulianguka. Mawimbi ya cheche hukatika-katika, hayabebi maneno. Maneno yalingoja chombo cha kutoa wimbi lisilokatika.

Chombo kimoja cha namna hiyo ni vali, mzao wa kazi ya John Ambrose Fleming wa Uingereza, 1904, na Lee de Forest wa Marekani, 1906. Kwa sura ni ndugu ya taa. Ndani ya chupa isiyo na hewa uzi hupashwa moto hata ukatoa elektroni. Bamba liitwalo anodi huzivuta. Katikati husimama wavu. Badiliko dogo la umeme katika wavu huleta badiliko kubwa katika bamba.

Vali ya kupokea huridhika na umeme mchache. Vali kubwa ya kurushia hudai maelfu ya volti. Elektroni zipigapo bamba huacha joto, na joto hilo ndilo mpaka wa nguvu yake. Kwa hiyo mafundi waliunda bamba la shaba, wakalipoza kwa maji au kwa upepo.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikihudumia mji kwanza. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Ifakara iko mbali zaidi ya kilomita 300, kati ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na zamani masika yalikata njia zake. Lakini mawimbi mafupi hupanda, hugota katika anga ya juu, kisha hurudi chini ng'ambo ya milima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha nchi nzima kwa redio jinsi ya kujikinga na malaria. Bonde lenye mbu lilikuwa na haja kubwa ya somo hilo.

Hata hivyo, vali ilikuwa na gharama, na mwenye gharama ndiye aliyesema; bonde lilisikiliza. Transista, iliyobuniwa mwaka 1947, haina uzi wa kupashwa moto, nayo ilirahisisha mitambo midogo. Ifakara ikapata redio yake, Pambazuko FM. Mkulima wa Viwanja Sitini, aliyezoea kupokea neno kutoka pwani, akapata mahali pa kulitoa lake.