Risasi zilizovuka Ruvuma kichwani

Kijana anayewaza ajiunge na kikosi gani mara nyingi hudhani kwamba bunduki ndiyo jeshi, mengine ni utumishi tu. Historia ya upande huu wa Lindi, kuanzia Mtua hadi Ruangwa, inakataa. Kambi ya Nachingwea, ambako FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliandaa wapiganaji wake tangu katikati ya miaka ya 1960, ilimfundisha mtu kulenga shabaha na pia kushika jembe. Mwaka 1967 wakaingia wasichana wa Msumbiji, Josina Muthemba miongoni mwao. Kikosi chao kilipewa kazi nyingi: kubeba risasi, kuhamasisha wanavijiji, kutunza majeruhi na yatima, na kupigana inapobidi.

Wapo watakaosema hao walikuwa wapagazi, si askari. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1917, Waingereza na Wajerumani walipopambana Mahiwa, hapa Lindi, walitegemea maelfu ya wapagazi, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, na hakuna aliyewahesabu kuwa wanajeshi. Lakini wasichana wa Nachingwea walijitolea, wakafunzwa silaha. Ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwenye njia za porini, lori halikupita. Sanduku la risasi lilifika vitani kichwani mwa mtu, siku baada ya siku, na aliyelibeba alijua kujilinda. Bila yeye, bunduki ya mstari wa mbele ni gongo tu. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Msumbiji huiadhimisha tarehe hiyo kama Siku ya Wanawake.