Legispini

legispini nm [i-] Mtindo wa kurusha mpira katika kriketi ambapo mrushaji wa mkono wa kulia huusokota mpira kwa kifundo cha mkono ili ugeuke baada ya kudunda. Collins Obuya wa Kenya aliutumia mtindo huu jijini Nairobi tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe la Dunia, akawatoa wapigaji 5 wa Sri Lanka kwa mikimbio 24. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53.

Aina zake. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mpira wa kawaida wa legispini hudunda, kisha hutoka upande wa miguu yake kuelekea upande wa pili. *Gugli* hugeuka kinyume, ingawa mkono wa mrushaji huonekana kufanya lilelile. *Topispini* hunyooka na kuruka juu zaidi. *Flipa* hudunda na kwenda chini.

Manufaa. Gugli hufaa kwa sababu hufanana na mpira wa kawaida. Mrushaji asiyeumudu ule wa kawaida hana cha kuficha. Na gugli ikizidi kurushwa, mpigaji huizoea.

Matumizi. *Legi* hapa ni upande wa uwanja, si kiungo cha mwili. Tafsiri "mpira wa mguu" hupotosha: mwanafunzi wa Ujiji ataelewa kandanda. Tofautisha pia *kupinda* na *kugeuka*: mpira wa adhabu katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, waweza kupinda hewani, wa legispini hugeuka ukishadunda.