Soro la Ikizu na Nyakati za Kiingereza

Husimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Bunda, alipenda kucheza soro, ndugu wa bao la pwani, na mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, na kwamba mtoto alimshinda. Mtemi akaona akili ile isiachwe machungani, akamshauri mwenziwe ampeleke shule. Mwaka 1934 Kambarage, mwenye umri wa miaka 12, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, yapata kilomita 40 kutoka Butiama. Hakujua ila Kizanaki. Kiswahili alikikuta huko, na Kiingereza nacho kikafuata.

Kisa hiki hutajwa kwa ajili ya Mwalimu, na mchezo wenyewe ukapitwa. Soro lilibaki chini ya mti. Darasani, vizazi vingi vilijifunza nyakati za vitenzi vya Kiingereza kwa kukariri majedwali, na fimbo haikuwa mbali.

Hasara si ndogo, maana mtoto wa Mara haingii darasani mikono mitupu. Zipo lugha za Kibantu za mkoa huo ambazo hupambanua, ndani ya kitenzi chenyewe, yaliyopita leo na yaliyopita zamani. Kiswahili nacho kina -li-, -me- na -ka-. Mswahili husema “amefika jana” na asikosolewe. Kiingereza hakikubali kitenzi cha namna hiyo kiandamane na jana. Basi aandikaye “He has arrived yesterday” amefuata kanuni ya kwao. Kumchapa kwa hilo ni kumwadhibu kwa ufasaha wake.

Mchezo waweza kuuonyesha mpaka huo bila makelele. Kabla ya kugusa kete, mchezaji hutamka kwa Kiingereza atakalofanya. Akisambaza, hutaja anachofanya. Mkono ukitulia, hutaja alichokwisha kufanya, kwani matokeo bado yamo mashimoni, kila mtu anayaona. Kesho yake wenziwe humhoji juu ya mchezo wa jana, na hapo umbo la kitenzi hubadilika. Akikosea, zamu humpita. Mashimo huchimbwa mchangani na kete ni mbegu tu: jambo la maana palipo na watoto wengi na vitabu vichache.

Tangu miaka ya mwisho ya 1960 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma historia kwa -li- na -ka- alikutana nayo Kidato cha Kwanza kwa vitenzi vya kigeni, na wengi walinyamaza hapo, si kwa kukosa la kusema.

Aliyetoka Mwisenge aliivuka njia hiyo, kisha akairudia kwa upande wa pili. Alipoitafsiri tamthiliya ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, kila kitenzi kilimtaka achague: -li-, -me- au -ka-. Tafsiri ilichapishwa mwaka 1963; mwaka 1969 ikatoka tena, imepitiwa upya.